Arusha itupe wakaguzi wa akili mnemba kwanza, sheria itafuata

Kuanzia 2017 hadi 2021, manispaa ya Rotterdam, mji wa Uholanzi ninaoishi, ilitumia akili mnemba, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na taarifa, kuwapa alama wakazi wanaopokea msaada wa kujikimu. Mwenye alama kubwa ndiye aliyeitwa kuchunguzwa kwa udanganyifu. Ukiwa mwanamke, alama ilipanda. Usipokimudu Kiholanzi, ilipanda pia. Februari 2020 mahakama ya The Hague ilipiga marufuku mfumo mwingine wa kusaka udanganyifu, SyRI, ambao serikali iliuelekeza kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini, ikiwemo ya huku kwetu kusini mwa Rotterdam. Januari 2021 serikali nzima ya Waziri Mkuu Mark Rutte ikajiuzulu kwa kashfa ya ruzuku za malezi ya watoto: maelfu ya wazazi, wengi wenye asili ya nje, walidaiwa fedha kama wezi, na uraia wa mtu ulihesabiwa kuwa dalili ya hatari.

Naanza na haya kwa sababu ndugu zangu wa Mwanza wakisikia Ulaya ina sheria ya akili mnemba, wanasema hao wameshaendelea, sisi bado tunahangaika na maji na umeme, tusubiri zamu yetu. Mimi nayaona kinyume kabisa. Uholanzi ni tajiri, ina mahakama imara na magazeti yasiyoogopa, na bado watu wake waliumizwa na mashine kwa miaka kabla mtu hajaibuka kusema basi. Nchi isiyo na kinga hizo itaumia zaidi, na kimya kimya.

Lakini kinachonitia wivu zaidi huku ni namna nchi zisizolingana zilivyokubaliana kulindana. Umoja wa Ulaya una nchi 27. Kazini kwangu wapo Wabulgaria na Waromania wengi, waliofuata mshahara kama nilivyoufuata mimi, na hakuna anayeweza kuniambia Bulgaria na Luxembourg ni kitu kimoja. Hata hivyo sheria yao, iliyopata nguvu ya kisheria tarehe 1 Agosti 2024, inazifunika zote mbili. Mitambo mikubwa ya akili mnemba, ile inayotengenezwa na makampuni ya Marekani yenye fedha kuliko bajeti za nchi, haikuachiwa kila mji mkuu kuikagua. Kazi hiyo imepewa ofisi moja iliyo chini ya Tume ya Ulaya. Kuna jopo la wataalamu huru, na nchi mwanachama inayokosa watu wa kutosha inaweza kuwaita wataalamu hao waisaidie. Kwenye bodi ya kuratibu utekelezaji wa sheria hiyo, kila nchi ina mwakilishi mmoja, Ujerumani mmoja na Malta mmoja. Faini ya kosa kubwa kabisa inafika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya kampuni duniani kote, kiasi chochote kilicho kikubwa. Bulgaria peke yake ingemtishia nani?

Sasa tuje nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Arusha, ina nchi nane, na kila moja imekwenda njia yake. Kenya na Uganda zilipata sheria za kulinda taarifa binafsi 2019, Rwanda 2021, Tanzania ikapitisha yake 2022 na kuanza kuitumia Mei 2023. Kongo na Somalia zilitunga zao 2023. Rwanda ina sera ya akili mnemba tangu 2023, Kenya ilizindua mkakati wake Machi 2025. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mkakati wa bara zima mwaka 2024. Makaratasi yapo. Ninachouliza ni nani atakayefungua programu ya kampuni na kusema humu ndani kuna nini.

Nitatoa mfano wa jambo lililoifikia familia yetu. Wifi yangu, anayeuza dagaa Mwanza, alikopa shilingi laki moja kupitia programu ya simu. Hiyo ndiyo mikopo watu wanayoiita kausha damu. Alipochelewa kulipa, ujumbe ulinifikia mimi huku Rotterdam, na wakati huo huo ukamfikia mchungaji wake, mwenye nyumba wake na mwalimu wa mtoto wake. Ilikuwa picha yake na maandishi: "Huyu ni tapeli. Amekuweka mdhamini. Mwambie alipe leo." Hakuwa ameniweka mdhamini. Programu ilisoma majina yote kwenye simu yake, ikachagua nani ni mtu wake wa karibu, ikaamua nani aaibishwe mbele ya nani. Namba iliyonitumia ilianza na +254, ya Kenya. Alipokwenda kulalamika kwenye ofisi moja, aliambiwa kampuni haijulikani Tanzania, hivyo hakuna pa kumshika. Mama mwenye biashara ya sufuria mbili alikaa wiki nzima bila kwenda sokoni kwa aibu. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yasiyo na leseni. Nilifurahi, na naipongeza. Kenya nayo, kupitia ofisi ya kamishna wa taarifa binafsi, imeshawatoza faini wakopeshaji waliotumia namba za ndugu za wateja kuwasumbua. Maana yake Nairobi kuna watu wanaojua tayari programu hizi zinavyofanya kazi, zinaomba ruhusa gani kwenye simu, zinapeleka wapi majina. Ujuzi huo haukuvuka Namanga wala Sirari ukafika kwa wifi yangu. Na kilichofungiwa Dar es Salaam, kuna kitu gani kinachokizuia kubadili jina na kuendelea Kampala au Bukavu?

Tazama pia jambo la Worldcoin. Agosti 2023 Wakenya walipanga foleni jijini Nairobi wakachanganuliwa mboni za macho kwa sarafu ya kidijitali yenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za kwao. Serikali ikasimamisha zoezi, Bunge likachunguza, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Imechukua karibu miaka miwili, na hiyo ni Kenya, nchi yenye mawakili na wanaharakati waliobobea katika mambo haya. Kifaa kile kingesimikwa sokoni Bujumbura au Juba, kamishna wa huko angeanzia wapi?

Hata nchi zetu kubwa haziwezi kujitosha. Kenya ilikuwa kituo cha watu wanaochuja maudhui machafu ya Facebook, na vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma uchafu ili ChatGPT ijifunze kuukwepa. Waliochuja maudhui ya Facebook walikwenda mahakamani, nawaheshimu sana kwa hilo. Kesi zikiwa zinaendelea, kazi ya namna ile ikaibukia Accra, Ghana. Nchi moja ikikaza, kazi inahamia kwa jirani aliyelegeza. Ndiyo maana naamini hata Mkenya, ambaye ana sheria na wataalamu, anamhitaji Mrundi awe na kinga ile ile.

Pendekezo langu ni dogo. Arusha iwe na kikosi cha wakaguzi, hata kumi na watano wa kuanzia: wahandisi wa programu, wanatakwimu, wanasheria. Tume ya taarifa binafsi ya nchi yoyote mwanachama iweze kuwaita. Ripoti yao itolewe kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya Jumuiya, na ikubalike kama ushahidi mbele ya msimamizi wa nchi nyingine. Waanze na programu za mikopo, kwa sababu ndizo zinazowaumiza watu leo, kisha waende kwenye mifumo ya serikali. Tanzania tumesajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Siku taarifa hizo zitakapoanza kuingizwa kwenye mifumo ya kupima nani anastahili mkopo au msaada, nataka kuwe na mtu asiye mwajiriwa wa wizara husika anayeweza kuifungua.

Sitaki tuinakili sheria ya Ulaya nzima nzima. Masharti yake ya makaratasi yanaielemea hata Ulaya. Novemba 2025 Tume ya Ulaya yenyewe ilipendekeza kuahirisha sehemu ya masharti ya mifumo yenye hatari kubwa. Kijana wa Kigali au Dar anayetengeneza programu ya kutambua ugonjwa wa mihogo asizikwe na fomu za Brussels. Kitu cha kuiga mara moja ni daftari la wazi. Uholanzi ina rejista ya kitaifa tangu Desemba 2022, ambamo taasisi za umma zinaandika mifumo zinayotumia na inafanya nini. Haijakamilika, lakini mimi mhamiaji naifungua nikiwa kwenye tramu, bila kumwomba mtu kibali.

Najua pingamizi mbili zitakazokuja. Ya kwanza ni kwamba Kenya itatutawala. Kumbukumbu ya 1977 ni ya kweli, wazee wetu waliona Jumuiya ikivunjika na mali zikigombaniwa. Lakini kura moja kwa kila nchi inaondoa hofu hiyo, na hakuna ulazima wa wote nane kuanza siku moja. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilishusha gharama za kupigiana simu kati yao bila kungoja wengine, na waliobaki nje, sisi Watanzania tukiwemo, tuliona faida kwa majirani.

Ya pili ni fedha, na hii ndiyo ngumu. Kwa miaka mingi Jumuiya ilitaka nchi zichangie sawa kwa sawa, Kenya kama Burundi, na malimbikizo ya michango yamekuwa wimbo wa kila kikao cha bajeti. Ulaya kila nchi inachangia zaidi kulingana na pato lake, Ujerumani inabeba mzigo mkubwa, na Bulgaria haioni haya kubeba mdogo. Kikosi cha wakaguzi kikichangiwa sawa kwa sawa kitakufa njaa mwaka wa pili. Kila nchi ina wabunge tisa wa kuchaguliwa kwenye Bunge la Afrika Mashariki. Wa Tanzania nawaomba walipeleke hili: kikosi kichangiwe kwa uwiano wa pato la taifa, na Tanzania, ambayo si maskini wa mwisho kati ya wanane, ikubali kulipa zaidi ya Burundi.