Dhamira ya ukutani haikaushi mwani

Mwaka juzi kikundi kimoja cha akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja kiliniomba nikisaidie kujaza fomu ya ruzuku. Ukurasa wa pili ulitaka "dira na dhamira", yaani kikundi kinataka kufika wapi na kipo kwa ajili gani. Mwenyekiti akanisogezea karatasi: "Mwanangu, haya si ndiyo uliyosomea? Tuandikie."

Nikaandika. "Kuwa kinara wa Afrika Mashariki katika uzalishaji endelevu wa bidhaa bora za mwani kwa ustawi wa jamii." Nilipigiwa makofi. Sentensi ikachapishwa kwa rangi, ikabandikwa juu ya mizani. Miezi michache baadaye mnunuzi akakata bei ya mzigo mzima kwa sababu ya mchanga uliokuwa kwenye mwani, na yale maneno yangu yalikuwepo palepale, yanatazama.

Tangu hapo nimekuwa mgumu kidogo kila nikisikia kwamba tamko la dhamira hukuza biashara. Si kwamba hoja hiyo haina msingi. Mwaka 1987 watafiti John Pearce na Fred David walipitia matamko ya makampuni makubwa ya Marekani, wakaona makampuni yanayofanya vizuri zaidi ndiyo yenye matamko yaliyokamilika zaidi. Sawa. Lakini kipi kilitangulia? Kampuni yenye faida ina mishahara ya watu wa kukaa ofisini kusuka sentensi. Mama wa mwani anafuata maji ya bamvua, siku ambazo bahari hukupwa mbali. Bahari ikijaa, kazi imekwisha kwa siku hiyo.

Na mwani wenyewe una mambo yake. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake. Mwani ukishakauka husafirishwa nje ili kutolewa karajinani, ile inayozitia uzito dawa ya meno na aiskrimu. Ule unaolipa vizuri, kotonii, umekuwa ukifa maji yanapopata joto, hivyo wengi wamebaki na spinosamu, ambao bei yake ni ya chini. Mtu mwenye bidhaa ya bei ya chini hana pa kujibanza mnunuzi akikuta mchanga, chumvi iliyozidi au unyevu ndani ya polo.

Baada ya ule mzigo kukatwa bei, akina mama walikaa kikao bila mimi (vizuri sana), wakatoka na maneno manne: "Mwani wetu haugusi mchanga." Hakuna ukinara, hakuna ustawi wa jamii. Ila maneno hayo yaligeuka kazi siku hiyohiyo: zikajengwa chanja za kuanikia, na kukawa na mtu wa kutia mkono ndani ya kila polo kabla halijafika kwenye mizani.

Hapo ndipo ninapoona dhamira inaweza kugusa mapato. Isipomzuia mtu kufanya jambo alilolizoea, ni pambo. Ile yangu haikumzuia yeyote. Hii yao ilimrudishia wifi polo lake mbele za watu, na watu wakanuniana wiki nzima. Bamvua la kwanza waliuza kilo chache kuliko kawaida, na wapo waliosema bora turudi kuanika chini. Walivumilia. Mizigo iliyofuata haikukatwa bei tena.

Msinielewe vibaya: bei ya kilo bado anaipanga mnunuzi, na hakuna sentensi inayopoza bahari. Hata mama anayetaka kusafirisha mwenyewe sabuni au unga wa mwani, badala ya kuuza mkavu kwa kampuni, atahitaji vyeti, vipimo na mtaji kabla hajafikiria dhamira. Wakufunzi wa semina za ujasiriamali wanaotumia asubuhi nzima kufundisha tofauti ya dira na dhamira wangeweza kuutumia muda huo kufundisha kusoma mkataba wa mnunuzi.

Nilipokwenda mara ya mwisho, karatasi yangu ya rangi ilikuwa imegeuzwa. Nyuma yake wameandika kwa kalamu majina ya waliorudishiwa mapolo na tarehe zake. Jina la tatu ni la mwenyekiti.