Ukishakisoma, Usimulie au Unyamaze?

Nakala ya riwaya ya Rosa Mistika tunayopokezana barazani kwetu hapa Mwanga, Kigoma, haina jalada. Imevalishwa karatasi ya kaki kwa solatepu. Kwa ndani yameandikwa majina manane kwa kalamu nane tofauti, na katikati kuna doa la mawese lililopenya kurasa tatu. Hayo tumeyazoea. Kinachouma ni nyuma: karatasi za mwisho zimechanika na kupotea. Aliyekuwa nacho kwa mara ya mwisho anaapa kwamba alikikuta hivyohivyo. Tumemwacha na kiapo chake.

Waliowahi kukimaliza kabla hakijachanika ni wawili, fundi cherehani na mwalimu mmoja mstaafu. Sisi sita tuliobaki tulimwacha Rosa akiwa hai, kurasa zikaisha. Ikabidi wale wawili watusimulie mwisho, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Kwa asiyeijua, hii ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa jinsi ilivyoyasema mambo ya mapenzi bila kupaka mafuta. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, na anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akiwaogopa wanaume. Akishafika chuo cha ualimu Morogoro, mbali na macho ya baba, kamba inakatika.

Fundi alitumalizia hivi: "Mchumba alipojua si bikira akamkataa, mtoto wa watu akajiua. Zakaria ndiye kamuua, tangu siku ile ya barua." Mwalimu akamkata kauli: "Hakuna aliyemuua. Rosa alikuwa mtu mzima, mwalimu kama mimi. Alijihukumu mwenyewe." Kifo ni kilekile. Lakini sisi ambao hatukuwa na zile karatasi tulirudi nyumbani na vitabu viwili.

Tangu jioni hiyo baraza letu limegawanyika. Wapo wanaotaka aliyesoma asimulie yote, mwanzo hadi mwisho, kisha ndipo atoe maoni yake. Wapo wanaosema amwage maoni tu, kisa akiache ndani ya kitabu, na ambaye hajasoma akae kimya mpaka zamu yake ifike.

Mimi naanza na hawa wa kusimulia yote, maana hali ya Kigoma inawatetea. Reli ilifika hapa mwaka 1914. Vitabu vya hadithi bado viko njiani. Maduka tunayoyaita ya vitabu yanauza madaftari, kalamu, vitabu vya kiada na vya dini. Ukitaka riwaya unapiga simu Dar es Salaam, unatuma hela, unaisubiri na kifurushi cha basi, na nauli ya kifurushi inauma karibu sawa na bei ya kitabu. Nakala moja ikishafika inasomwa na watu wanane, kwa zamu. Wa nane anasubiri miezi. Na si kila mtu ana usiku wa kusoma. Kuna mama mmoja kwetu anauza dagaa, anapokea mzigo kwenye mwalo wa Kibirizi alfajiri. Anapata nafasi ya kukaa nasi siku za mbalamwezi tu, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa na mitumbwi inapumzika. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3 mwaka 2024 ndipo alipomaliza kitabu kizima. Ukimwambia mtu huyu "sikusimulii, kasome mwenyewe", umemfungia mlango. Tena sisi tumelelewa na hadithi ambazo mwisho wake kila mtoto aliujua. Sungura atamponyoka Fisi, hilo halina mjadala, na bado tulikuwa tunambana bibi aanze upya.

Upande wa pili una hoja moja nzito, nayo naijua kwa aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kuisifia Nagona, ya Kezilahabi huyohuyo, ya mwaka 1990. Nikasema ina kina, nikasema inamtaka msomaji aliyetulia. Ni kitabu chembamba kabisa, nami nilikuwa nimekwama kwenye kurasa za mwanzo. Maneno yote niliyatoa kwa rafiki yangu aliyeisoma chuoni. Hakuna aliyenishtukia, watu waliitikia kwa vichwa, na siku iliyofuata nikamsikia mmoja wao akiyarudia maneno yaleyale kwa mtu mwingine. "Nimeambiwa" ilishageuka "nimesoma". Ndicho wanachokihofia hawa wa kunyamaza: baraza likiruhusu kusimuliwa, baada ya muda hakuna atakayefungua kitabu. Wanatoa mfano wa madesa, yale maelezo mafupi ya kukariria mtihani. Wangapi tumejibu maswali ya fasihi kidato cha nne kwa madesa ya kurasa nne, kitabu chenyewe hatujakigusa?

Lakini madesa hayohayo ndiyo yananifanya nisiwakubalie moja kwa moja. Mwezi uliopita kijana aliyemaliza kidato cha nne alituletea Takadini ya Ben Hanson, riwaya ya mama na mwanawe mwenye ualbino. Huyu alikisoma kweli. Akaanza: dhamira kuu, kupinga mila potofu, ujumbe, tusiwabague wenye ualbino, migogoro, wa nafsi na wa kijamii. Hakukosea hata neno, na mtahini angempa alama zote. Akina mama wawili wakaanza kuongelea bei ya mchele. Ndipo muuza dagaa, ambaye kitabu hicho hajawahi hata kukishika, akauliza: "Huyo mama alipotoroka na kichanga usiku, alimbeba mgongoni au kifuani?"

Kijana akanyamaza. Hakukumbuka.

Muuza dagaa kwao ni Kasulu. Huko Kabanga ndiko watoto wenye ualbino walikopelekwa kuhifadhiwa miaka ile ya mauaji, wengine mbali na wazazi wao. Kwake Sekai, mama anayetoroka kijiji ili mwanawe asiuawe, hakuwa "mhusika mkuu msaidizi". Alikuwa mtu ambaye angeweza kumpita njiani. Mimi nalihesabu swali lile kuwa maoni ya maana kuliko yote niliyoyasikia mwaka huu juu ya kitabu chochote, na limetoka kwa mtu ambaye, kwa sheria ya wanyamazishaji, hakutakiwa kufungua mdomo.

Mwalimu mstaafu hakufurahi nilipomwambia hivyo. Anasema bila dhamira na migogoro tunabaki na umbea tu, tunawasema wahusika kama majirani. Ana haki, sehemu. Jioni ile ya Rosa hatukukaa nusu saa kabla mazungumzo hayajahamia kwa binti wa mtaa wa pili ambaye hana habari na Kezilahabi. Utaratibu wa darasani ungeturudisha kwenye kitabu. Ila utaratibu huo mwanafunzi anafundishwa kuukariri kama jibu. Wachache wanaonyeshwa kuutumia kujiuliza.

Kwa hiyo nasimama na wanaosimulia, kwa sharti ambalo fundi na mwalimu wote wawili walilivunja. Simulia kilichotokea, halafu pumua, halafu sema unachofikiri, sisi tusikie mahali ulipopumua. Fundi aliposema "Zakaria ndiye kamuua" alikuwa anahukumu, lakini alilitamka kwa sauti ileile aliyosemea kwamba Rosa alijiua. Mwalimu naye, "alijihukumu mwenyewe" ameisoma kitabuni au ameitoa kwenye miaka yake thelathini ya kuwasimamia mabinti bwenini? Sisi tusio na karatasi hatukuwa na njia ya kutenganisha. Kufichuliwa mwisho hakukunisumbua hata kidogo. Kilichonisumbua ni kwamba wote wawili waliapa ndivyo kilivyoandikwa.

Juzi tumechanga, nakala mpya imeagizwa Dar es Salaam. Orodha ya zamu tumeshaiandika, muuza dagaa akiwa wa kwanza kwa sababu mbalamwezi inaingia wiki ijayo. Fundi na mwalimu wamewekwa mwisho kabisa, na mpaka zamu ziwafikie wamekatazwa kumtaja Zakaria.