Hedifoni Zangu na Sanduku la Chama

Anayesafiri Nakuru hadi Kisumu kwa matatu mara kwa mara huwa na ndoto moja tu: apatwe na usingizi Ngata, aamke Ahero. Ndoto hiyo ina maadui wengi. Kuna muuza mitishamba anayepanda stejini gari likisubiri kujaa, akakutajia magonjwa ambayo hukujua unayo. Akishuka, mhubiri anapokea zamu. Kuna bwana anayeongea na simu kwa sauti ya kufika Busia bila mtandao. Halafu kuna injini yenyewe, ambayo mlima wa Sachang'wan ukianza tu, nayo inaanza kuguna.

Ndipo nikaenda kutafuta hedifoni za kukata kelele. Sharti langu lilikuwa moja: ziwe ndogo. Begi langu tayari hubeba laptopu, chaja, shati la kesho na viazi vya shangazi yangu wa Kondele, ambaye haamini kwamba mtu anaweza kutoka Nakuru akafika kwake bila viazi.

Siku niliyoingia dukani, stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima, na kila mwenye duka ametoa jenereta yake nje ikanguruma. Kijana wa duka akanipangia mezani aina tatu. Za kwanza ni vile vidude vya kutumbukiza sikioni, vyenye vimpira vya saizi tatu uchague kinachokutosha. Nikavikataa papo hapo. Nina rafiki aliyeangusha kimoja kwenye choo cha kando ya barabara pale Londiani, na hadi leo anasikiliza muziki kwa upande wa kushoto. Za pili zilikuwa kubwa, zinafunika sikio lote, laini, tamu, lakini kasha lake peke yake lingedaiwa nauli. Za tatu zinakaa juu ya sikio. Unazikunja, zinaingia mfuko wa koti.

"Mkubwa, hizi zinaua kelele kabisa," akaniambia. "Vaa ujaribu."

Nikavaa. Akabonyeza kitufe, kitaa cha kijani kikawaka, na jenereta zote za mtaa ule zikatoweka. Sikutania: zilifutika. Nikachungulia nje kuhakikisha kama bado zinatoa moshi. Zilikuwa zinatoa.

"Bado unasikia kelele?" akauliza.

"Hata kidogo," nikajibu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza swali lake nimelisikiaje.

Akataka 4,500. Nikamwambia elfu tatu, akacheka, nikaaga, akaniita nikiwa mlangoni. Tukakubaliana 3,800 na kamfuko ka kuzibebea.

Safari ikafika. Nikapata kiti cha dirishani, nyuma ya dereva. Nyuma yangu waliketi akina mama wawili, mmoja wa kushuka Kericho, mwingine wa Ahero. Walikuwa wamekutana humo humo garini, na kabla hatujamaliza kulipa nauli walikuwa tayari wanaitana dada.

Nikavaa mashine yangu, nikabonyeza kitufe, nikafumba macho. Gari likatoka. Lo! Injini ikapotea. Upepo wa dirishani ukapotea. Magurudumu, yale malori ya Salgaa, vyote kimya. Na katika ule utulivu mtakatifu ikasikika sauti ya mama wa Kericho, safi, kila herufi mahali pake, kama mtangazaji wa taarifa ya saa moja.

"Huyu kijana amefunga masikio. Ni mgonjwa?"

"Aa, ni zile za muziki," akasema mama wa Ahero. "Hasikii kitu."

"Maskini. Na ile kola yake, kwani hana mke?"

"Angekuwa naye asingevaa hiyo kola."

Nilitaka kugeuka, lakini mtu asiyesikia hageuki. Nikaanza kutikisa kichwa kufuata muziki usiokuwepo, nikatoa simu, nikatafuta kujua nimeuziwa nini.

Kumbe kuna maelezo, tena ya kisayansi. Hedifoni hizi zina mikrofoni ndogo zinazonasa sauti ya nje, kisha spika inatoa wimbi la sauti lililo kinyume cha lile, na mawimbi mawili yakikutana yanafutana. Kazi hiyo huiweza vizuri kwa mngurumo mzito usiobadilika: injini, feni, jenereta. Sauti ya binadamu ni nyembamba zaidi na inapandashuka kila mara, kwa hiyo mashine inachelewa kuikamata. Cha kuzuia mazungumzo ni ule mpira au sponji inayoziba sikio sawasawa. Vile vidude vya saizi tatu vingeniziba. Yale makubwa yangenifunika. Hizi zangu za kukaa juu juu zilikuwa zimeniachia upenyo wa kutosha mama mzima kupita.

Nikasoma pia kwamba Amar Bose, profesa wa Marekani, wazo hili lilimjia mwaka wa 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston, akaanza kupiga hesabu zake angani kabla hajatua. Nikaelewa kila kitu. Profesa alikuwa anapigana na injini za ndege. Nyuma yake hakukuwa na mama wa Kericho.

Kwa ufupi, nilikuwa nimelipa shilingi 3,800 ili injini isinizuie kusikia umbea.

Basi nikatulia. Tulipopita Mau Summit, mama wa Kericho alikuwa ameingia kwenye habari yenyewe: chama chao. Pesa za chama zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila ufunguo una mwenyewe. Mmoja anao mwenyekiti, mmoja mke wa pasta, wa tatu anao yeye. Sanduku linalala kwa mweka hazina, ambaye hana ufunguo wowote. Mpango usioibika. Lakini mwezi uliotangulia, mweka hazina akaanza kujenga.

"Kujenga nini?" akauliza mama wa Ahero.

"Mabati mapya, dada. Mabati ya rangi!"

Londiani nikagundua kwamba nimeacha kutikisa kichwa. Nilikuwa nimeegemea nyuma, shingo imepinda, sponji imeloa jasho, nasubiri.

Wanachama wakaenda kwake bila taarifa. Mweka hazina akawakaribisha chai, wakakataa chai. Nilijua hapo mambo yameharibika. Chai haikataliwi hivi hivi. Sanduku likaletwa, likawekwa juu ya meza. Kufuli zote tatu nzima, hata mkwaruzo hakuna. Mwenyekiti akafungua yake. Mke wa pasta akaomba kwanza wasali, wakasali, akafungua yake.

"Nami nikatia ufunguo wangu," akasema, akishusha sauti, nami mashine yangu ikaninyanyulia kila neno. "Mkono unatetemeka. Nikazungusha. Mwenyekiti akashika kifuniko, akainua. Dada yangu, mle ndani tukakuta..."

Simu yake ikalia.

Akapokea. Ilikuwa habari ya ng'ombe na dawa ya kupe. Akaongea na huyo mtu wa ng'ombe mashamba ya chai yakianza, akaongea yakiendelea, akaongea mpaka nyumba za Kericho zikaonekana. Alipokata, akaanza kukusanya mifuko yake.

Nikageuka mzima mzima, hedifoni kichwani, kitaa cha kijani kinawaka.

"Sasa mama, mlikuta nini?"

Gari lote likanyamaza. Mama akanitazama usoni, akatazama ile taa, akanitazama tena.

"Kumbe ulikuwa unasikia?"

"Kidogo tu, mama."

"Na ile ya kola?"

"Hiyo pia, mama."

Akaweka mfuko begani. "Habari ya chama chetu si ya wapelelezi," akasema, na makanga akafungua mlango, naye akashuka na ule mwisho wake, akaenda zake bila kugeuka.

Mama wa Ahero akanigonga bega kwa kidole, na kidole hicho nilikisikia mfupani. "Kijana. Ningeambiwa mimi. Nilikuwa nimebakisha neno moja!"

"Samahani, mama."

"Samahani yako itaniambia kilichokuwa ndani? Hebu toa hivyo vitu kichwani."

Nikavitoa. Injini ikarudi kwa nguvu zote. Abiria wa kiti cha mbele akasema kwa vyovyote lilikuwa tupu. Makanga akasema hapana, walikuta magazeti yamekatwa saizi ya noti, yeye anajua watu. Aliyekaa mlangoni akauliza kama yule mama mwenyewe, mwenye ufunguo wa tatu, amechunguzwa vizuri. Wakabishana hivyo hadi Awasi.

Hapo dereva, ambaye tangu Nakuru hakuwa amefungua mdomo, akanitazama kwenye kioo chake.

"Wewe kijana una shida," akasema. "Mimi nilizima redio tangu Londiani."