Idi ya mfungo tatu yasubiri saini ya waziri

Kenya, Idi ndogo imo kwenye orodha ya sikukuu za taifa pamoja na Ijumaa Kuu na Krismasi. Idi ya kuchinja, yaani Idi kubwa ya mfungo tatu, haimo. Sheria inaihesabu kuwa mapumziko ya Waislamu peke yao, kama Diwali ilivyo ya Wahindu. Nchi nzima ikipumzika, ujue waziri ametangaza katika gazeti rasmi la serikali, kama ilivyokuwa Jumatatu Juni 17, 2024 na Ijumaa Juni 6, 2025. Kwa nini basi isiandikwe moja kwa moja kwenye orodha ya taifa, kama Tanzania na Uganda?

Wanaopinga wana hoja, na si zote za chuki. Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya taifa. Wahindu nao watadai Diwali yao, na Waislamu hawatakosa kutaja Maulidi. Halafu kuna kibarua wa mjengo, ambaye siku bila kazi ni siku bila ujira.

Hoja ya Katiba hainiingii. Jumatatu ya Pasaka imo kwenye orodha miaka yote, na sijasikia taifa limebatizwa. Ya kibarua ni nzito, ila watu wa aina yake huumizwa zaidi na kushtukizwa. Mfikirie mama wa mahamri anayeuza nje ya ofisi za serikali Mombasa: tangazo likichelewa, mbaazi amesharoweka, nazi ameshanunua, na asubuhi anakuta geti limefungwa.

Kichekesho ni kwamba Idi ndogo, iliyo kwenye orodha, ndiyo hujulikana usiku wa kuamkia. Mwezi ukiandama, kesho Idi. Idi kubwa ni tarehe 10 ya mwezi wa mfungo tatu. Mwezi ukishaonekana, watu wana zaidi ya wiki nzima ya kutafuta mbuzi na kukata tiketi ya basi. Inayotabirika ndiyo iliyoachiwa waziri!

Kigumu hasa ni mwezi wenyewe. Wapo wanaofuata Arafa ya Saudia, siku ya mahujaji inayotangulia Idi, wapo wanaosubiri mwandamo wa hapa, hata ndugu wa nyumba moja wakaswali siku mbili tofauti. Sheria haitamaliza ubishi huo. Mimi ningeiandika sikukuu, siku yenyewe itajwe na Kadhi Mkuu mwezi unapoandama, na atakayeswali siku nyingine aombe ruhusa kazini kama alivyozoea.