Jembe Nimepewa, Mpini Kaushika Mwajiri

Kwenye kabati la mitambo la ofisi yangu ya zamani, hapa Texas, kulikuwa na karatasi ya njano iliyobandikwa kwa selotepu: "Usiguse siku ya Ijumaa." Aliyeiandika ni mzee mmoja Mmarekani, mwenye miaka 59, aliyetunza programu za malipo za kampuni ile kwa miaka 22. Mimi ndiye niliyeletwa na mkandarasi, yaani kampuni nyingine iliyopewa kazi hizo, kukabidhiwa ofisi yake.

Kwa wiki sita alinikalisha pembeni yake. Kila asubuhi alifungua daftari lake, akanionyesha faili gani hukwama mwisho wa mwezi, mteja gani ana akaunti mbili kwa sababu ya kosa la zamani ambalo hakuna aliyewahi kulirekebisha, na kwa nini Ijumaa haiguswi. Ni kwamba usiku wa siku hiyo mafaili ya benki ndiyo hutoka, na mtambo ukizimwa katikati watu wanakatwa pesa mara mbili. Kwa umri wake nilizoea kumwita "Bwana", naye kila mara akanikataza, akataka nimwite kwa jina tu. Wote wawili tulijua kwamba kiinua mgongo chake kimefungwa kwenye kazi hiyo: asiponifundisha mpaka siku ya mwisho, halipwi. Siku hiyo ilipofika alinipa mkono, akaniachia daftari, akabeba boksi la vitu vyake hadi kwenye gari. Sijawahi kuona aibu ya namna ile kwa kosa ambalo sikulitenda.

Naandika haya kwa sababu mjadala wa viza za H-1B, zile ambazo waajiri wa Marekani huzitumia kuleta wataalamu kutoka nje, umepamba moto tena, na Waswahili wenzangu, wa huku na wa nyumbani, wengi wanauchukulia kama ugomvi kati ya wanaotupenda na wasiotupenda. Anayezitetea viza ni rafiki, anayezipinga ni mbaguzi. Wabaguzi wapo, nimekutana nao. Lakini mzee yule hakuwa mbaguzi, na alikuwa na kila haki ya kulalamika.

Viza hii ilitokana na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990, aliyoisaini George H. W. Bush. Ni sheria ileile iliyotuletea bahati nasibu ya grini kadi, hiyo ambayo kila ilipofunguliwa watu walijaa kwenye vibanda vya intaneti kuanzia Manzese hadi Kisumu kupiga picha na kujaza fomu. H-1B nayo siku hizi ni bahati nasibu. Nafasi ni 65,000 kwa mwaka, na nyingine 20,000 za wenye shahada ya uzamili kutoka vyuo vya Marekani, huku waombaji wakiwa wengi mno. Jina langu lilitoka mara ya tatu.

Viza hizi mbili ni watoto wa mama mmoja, ila hawafanani. Ya grini kadi unaomba mwenyewe. Ya H-1B anaomba mwajiri, na jina la mwombaji kwenye fomu ni la kampuni. Ndugu zetu waliokuja kwa grini kadi, wengine wanaendesha malori, wengine wanahudumia wazee kwenye nyumba za kulea, kazi ngumu zinazovunja mgongo. Lakini wakichoshwa na bosi Jumatatu, Jumanne wako kwingine. Mimi na uzamili wangu sikuweza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa, na kulima nililima. Ila mpini aliushika mwajiri. Ukipunguzwa kazi una siku 60 za kumpata mwajiri mwingine wa kukuombea, la sivyo ufunge mizigo, hata kama watoto wako katikati ya muhula. Sheria ya mwaka 2000 inaruhusu kuhama, sikatai, lakini huyo anayekuchukua lazima apeleke maombi, alipe ada, alipe na wakili, na kampuni ndogo nyingi zinaukwepa usumbufu huo. Tena kama mwajiri wa kwanza ndiye aliyekuanzishia safari ya grini kadi, ukihama mapema mno unarudi mwanzo. Kwa hiyo mtu ananyamaza. Akiambiwa abaki mpaka usiku, anabaki. Nyongeza ya mshahara ikimpita mwaka wa pili, anameza mate. Mimi niliwahi kunyimwa ruhusa ya kwenda Korogwe kumzika shangazi. Nikajibu "sawa" kwa upole kabisa, kisha nikaenda kulia kwenye gari.

Hapo ndipo unapotoka urahisi wa bei ya mgeni. Watu husema tunakubali mishahara midogo kwa kuwa tumetoka kwenye umaskini. Hapana. Tunaikubali kwa sababu hatuwezi kuondoka. Na sheria imemsaidia mwajiri. Inamtaka alipe mshahara unaolingana na wa eneo lake, sawa, lakini mshahara huo umegawanywa ngazi nne, na mbili za chini ziko chini ya mshahara wa kati wa kazi yenyewe. Kampuni ambazo asilimia 15 au zaidi ya wafanyakazi wake ni wa H-1B zinatakiwa kuahidi kwamba hazitamwondoa mwenyeji kumpisha mgeni. Ila ahadi hiyo haimhusu mgeni anayelipwa dola 60,000 au zaidi. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 1998 na hakijaguswa mpaka leo, ilhali dola 60,000 za wakati ule ni karibu 120,000 za sasa. Ni kama kuweka geti refu kisha ukaacha uzio wazi upande wa pili.

Waliopita kwenye uwazi huo ni wakubwa. Oktoba 2014 Disney iliwaambia wafanyakazi wake wa kompyuta wapatao 250 kule Florida kwamba kazi zao zinakwenda kwa mkandarasi, na kwamba kabla ya kuondoka wengi wao watawafundisha wanaokuja. Mmoja wao alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti Februari 2016, na machozi yalimlenga pale alipoeleza alivyomfundisha mtu wa kukalia kiti chake. Wakati uleule shirika la umeme la Southern California Edison lilipunguza mamia na kazi zao zikaenda kwa Infosys na Tata, kampuni za India. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, chuo cha umma, kinachopokea fedha za kodi za haohao walioondolewa. Niliposoma habari hizo nilimwona mzee wangu na daftari lake.

Baada yake kazi haikubaki Texas. Sisi wa viza tulikuwa wanne pale ofisini, na timu kubwa ilikuwa Hyderabad, India. Kila usiku saa nne, kule ikiwa saa mbili na nusu asubuhi, nilikaa mbele ya kompyuta kuwaeleza yaleyale niliyoelezwa na mzee. Nilichelewa kuelewa kwamba mimi nilikuwa daraja. Ujuzi ulitoka kichwani kwa Mmarekani, ukapitia kwangu, ukavuka bahari. Ulipokwisha kuvuka, wawili kati yetu wanne vibarua vyao vikaota nyasi, na hesabu ya siku 60 ikaanza.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ukizifunga viza umeziokoa kazi. Kazi inayofanyika kwa kompyuta haihitaji viza kusafiri. Wakenya wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ilikubali kuilipa kampuni ya Sama dola 12.50 kwa saa kwa kazi ya kuchambua maandishi machafu, huku vijana wa Nairobi waliokuwa wakiyasoma wakiondoka na kati ya dola 1.32 na 2. Vijana wengine zaidi ya 180, waliokuwa wakiondoa picha za mauaji na ubakaji kwenye Facebook, waliishtaki Meta, kampuni mama ya Facebook, pamoja na Sama mwaka huohuo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Kilichonigusa zaidi ni kwamba baadhi ya vijana hao hawakuwa Wakenya. Walitoka nchi nyingine za Afrika, na vibali vyao vya kukaa Nairobi vilitegemea kazi hiyohiyo waliyokuwa wakiilalamikia. Dada zetu walioko Oman na Saudia chini ya kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, hawahitaji kuelezwa jambo hili. Hakuna aliyewahi kunichukulia pasipoti yangu, na sithubutu kujilinganisha nao kwa mateso. Lakini hofu ya kusema "hapana" kwa bosi naijua ladha yake.

Wanasiasa nao wanazunguka mbuyu. Desemba 2024 Elon Musk, ambaye mwenyewe aliwahi kushika H-1B, aligombana hadharani na wafuasi wa Trump waliotaka viza hizo zifutwe, na Trump akasema anazipenda. Wiki moja baadaye Seneta Bernie Sanders, wa mrengo wa kushoto, akaandika kwamba viza hizi zinatumika kuleta watumishi waliofungwa kwa bei rahisi, waondoe Wamarekani wanaolipwa vizuri. Sanders siku ile alisema kweli kuliko wote. Kisha Ijumaa ya tarehe 19 Septemba 2025 Trump akasaini tangazo la kutoza dola laki moja kwa maombi mapya. Wikiendi ile sitaisahau. Makampuni yaliwaandikia watu wao walioko nje warudi kabla ya Jumapili, na ikapita karibu siku nzima bila watu kujua kama ada hiyo inawahusu wenye viza tayari. Baadaye ikulu ikasema haiwahusu. Binamu yangu alipiga simu kutoka Tanga: "Kaka, hizo laki moja ni za dola kweli?" Ni za dola, ndugu yangu. Karibu shilingi milioni 250.

Wapo wenzangu walioshangilia, wakisema sasa watakuja mabingwa tu. Mimi sioni hivyo. Hospitali ya wilaya kule vijijini, inayomtafuta daktari kutoka nje kwa kuwa Mmarekani hataki kwenda kuishi huko, itazitoa wapi laki moja? Na mwajiri aliyekulipia laki moja, unadhani atakuachia uondoke kirahisi? Ada hii imeufanya mpini uwe mnene zaidi, na bado uko mkononi mwake. Mzee wangu hakupata kitu. Mgeni aliyepo naye hakupata kitu.

Ninachokitaka kinasemeka kwa maneno machache. Viza iandikwe kwa jina la mfanyakazi, ahame nayo anavyotaka ndani ya fani yake. Kiwango cha 1998 kipandishwe, na kisiwe mlango wa kumtolea mtu kazini. Na ipigwe marufuku kumfunga mtu kiinua mgongo chake kwa sharti la kumfundisha anayemwondoa, kwa sababu huo ni ukatili hata kama una muhuri wa wakili. Nia ikiwepo, serikali inaweza. Agosti 2020 Trump huyuhuyu alimfukuza mwenyekiti wa bodi ya shirika la umma la umeme, TVA, kwa sababu ya mpango wa namna hii, na ndani ya siku chache shirika likaufuta.

Mimi nilipopata grini kadi, niliandika barua ya kuacha kazi kabla mwezi haujaisha. Mwajiri mpya yuko kilomita 12 kutoka kwa yule wa zamani, na kazi ni ileile, programu za malipo. Tofauti ya mshahara inasomesha wadogo zangu wawili. Mikono ni ileile na kichwa ni kilekile.

Nilikofika mwenzangu mmoja wa Hyderabad hajafika, na yeye alitangulia kuja Marekani kabla yangu. Grini kadi za kazi zina mgao: kwa kawaida hakuna nchi inayopata zaidi ya asilimia 7 kwa mwaka, iwe India au Tanzania. Kinachoangaliwa ni mahali ulipozaliwa, wala si pasipoti. Mhindi aliyezaliwa Tanga angepita kwenye foleni yangu fupi. Huyu alizaliwa Hyderabad, na foleni yake ni ya miaka mingi sana. Baba yake alipofariki hakwenda kumzika, kwa kuwa angelazimika kugongewa viza upya ubalozini, na aliogopa kukwama huko akiwa na mkopo wa nyumba na mtoto wa darasa la tano huku.

Bado yuko kwenye ofisi ile ya zamani. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje inapotoa orodha ya tarehe za foleni, huifungua kabla ya chai, halafu hunitumia ujumbe. Wiki iliyopita aliniambia tarehe yake haijasogea. Akaniambia pia kwamba kuna kijana mpya ameletwa, hajui kwa nini kabati lile lina karatasi ya njano, na yeye ndiye ameambiwa akae naye amfundishe.