Ukurasa wa Katuni Ukutani: Mzima au Fremu kwa Fremu?

Anayealikwa kuzungumzia hadithi za picha, iwe kwenye kongamano la chuo kikuu au maktaba ya mtaa, hukumbana na swali moja kabla ya nadharia yoyote: ukurasa auoneshe vipi? Wapo wanaouweka mzima kwenye projekta, na wapo wanaoukata, kila fremu, yaani kisanduku kimoja cha mchoro, na slaidi yake. Mihadhara mingi huharibikia hapa, hata pale ambapo hoja za mzungumzaji ni nzuri.

Tuanze na hesabu. Ukurasa wa A4 umesimama, skrini ya siku hizi imelala, 16 kwa 9. Ukurasa ukienea kimo cha skrini, huchukua takriban asilimia 40 tu ya upana wake. Skrini ikiwa na kimo cha mita 1.5, herufi ya kiputo (duara la maneno ya mhusika) yenye milimita 2.5 kwenye karatasi hukua hadi milimita 12 au 13. Kanuni ya kazi ni kwamba kimo cha herufi kisipungue sehemu moja kwa 200 ya umbali wa msomaji, kwa hiyo aliyekaa zaidi ya mita mbili na nusu ameanza kukodoa macho. Projekta ya zamani yenye kimo cha pikseli 768 huipa herufi hiyo pikseli sita au saba, na hapo hata wa mbele hasomi.

Hiyo ndiyo nguvu ya wanaokata. Fremu moja ikijaza skrini, ukumbi wote unasoma. Tena kuna suala la kicheko. Mkanda wa gazetini, kama Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, hujenga mzaha hatua kwa hatua. Ukiuonesha wote kwa mpigo, macho ya watu yamekwishafika fremu ya mwisho mzungumzaji akiwa bado anasoma kiputo cha kwanza. Hapa kukata kunailinda kazi ya mchoraji.

Lakini mwandishi wa hadithi ndefu hupanga ukurasa. Fremu aliyoipa theluthi ya karatasi na ile aliyoibana kwenye kona zikikatwa hutoka na ukubwa mmoja, na mkazo wake unafutika. Mwanya kati ya fremu, ambamo msomaji hukamilisha mwenyewe kitendo kisichochorwa, unageuka kuwa kubofya kitufe. Toleo la tano la Watchmen, hadithi iliyotoka kwa matoleo 12 kati ya 1986 na 1987, limepangwa kama kioo: kurasa za mwanzo zinaakisi za mwisho, hadi zinapokutana katikati. Kwa fremu moja moja hilo halionekani kamwe. Art Spiegelman naye aliichora Maus, hadithi ya picha kuhusu baba yake aliyenusurika mauaji ya Wayahudi, kwa ukubwa uleule wa kuchapwa, mistari ikakaribia mwandiko wa mkono. Kipande chake kikikuzwa kujaza ukuta huwa bango, na ule ukaribu wa mtu anayekusimulia jambo zito hupotea. Mtafiti anayekata kurasa za namna hii anajadili umbo ambalo hadhira haijaliona.

Tunaona aina ya kazi ndiyo iamue. Katuni ya Gado ya uhariri, fremu moja, haina mgogoro. Mkanda mfupi wa mzaha ukatwe. Ukurasa wa hadithi ndefu uonekane kwanza mzima kwa dakika nzima ya kimya, kisha fremu mbili tatu zikuzwe, kisha ukurasa urudi. Kimya hicho huwatisha wazungumzaji wengi, nao hukijaza maneno, ilhali hakuna anayeweza kusoma viputo na kusikiliza sentensi nyingine papo hapo. Gharama yake ni muda: katika dakika 20 za kongamano, kurasa tatu zinatosha. Mwenye kurasa 15 atapitisha picha tu, asichambue chochote.

Ili fremu ikuzwe bila ukungu, skani kwa nukta 300 kwa inchi. Fremu yenye theluthi ya kimo cha A4 itapata pikseli zaidi ya 1,100, zinazotosha skrini yenye kimo cha pikseli 1,080; kwa nukta 150 hupata chini ya 600. Gazeti ni gumu zaidi, kwani nukta za uchapaji hugongana na za skana na kuzaa mawimbi. Skani kwa 600, pitisha kichujio cha kuondoa nukta, ndipo upunguze ukubwa.

Na ile asilimia 60 tupu ya skrini? Hapo ndipo pa kuandika upya maneno ya viputo kwa herufi kubwa, kwa namba za fremu. Kazi ya Kiswahili, tuseme ukurasa wa jarida la Sani, ikijadiliwa mbele ya wasiojua lugha, tafsiri ikae hapohapo. Kufuta maneno ndani ya kiputo ili kubandika tafsiri ni kuubomoa mchoro, maana mwandiko ni sehemu yake. Kasoro ni kwamba macho hurukaruka kati ya pande mbili. Viputo vikizidi kumi, gawa maandishi nusu kwa nusu kwenye slaidi mbili, ukurasa ukibaki palepale. Kisha, kabla watu hawajaingia, kaa kiti cha mwisho kabisa ujaribu kusoma kiputo kidogo kuliko vyote.