Pulp Fiction: pale kwenye gari tunacheka nini hasa?

Pulp Fiction ilitoka 1994, ikabeba Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, na baadae Oscar ya skripti, na mpaka leo ukiwakalisha watu wawili walioiona lazima mmoja akwambie hii ndo muvi kali kuliko zote na mwingine akwambie ni watu wanapiga stori za baga halafu wanaua watu basi. Mimi naipenda sana, nasema mapema kabisa, ila kuna lawama moja nimeshindwa kuikwepa.

Kwa ambaye hajaiona, ni Los Angeles, wauaji wawili Vincent (John Travolta) na Jules (Samuel L. Jackson) wanatumwa na bosi anaitwa Marsellus, kuna bondia kamtapeli huyo bosi, kuna wapenzi wawili wanapora mgahawa, na Quentin Tarantino kaipangua stori yote mpaka ya mwisho iko katikati. Wanaosema inachosha kwa sababu ina maongezi mengi siwapingi, kila mtu na anachopenda.

Wanaoiponda kwa uzito wanashikilia kile kipande cha kwenye gari. Vincent kakaa mbele, anageuka nyuma kumuuliza Marvin, kijana waliyetoka naye kule walikotumwa, anaonaje zile risasi zilizowakosa yeye na Jules muda mfupi tu uliopita, bastola iko mkononi, inafyatuka, kichwa cha Marvin kinatapakaa kwenye vioo. Na watu wanacheka. Wanasema hapo dairekta kashakuzoesha kuona kifo cha mtu ni kichekesho.

Watetezi wanasema hapana, kicheko kinatoka kwenye kinachofuata, na hapo niko nao kabisa. Hawa jamaa wa suti nyeusi waliotutisha mwanzo wakifika kwa Jimmie, rafiki wa Jules wanayekimbilia kwake, wanakuwa kama watoto waliovunja kitu cha watu, mke wa Jimmie ni nesi anakaribia kurudi toka shifti ya usiku, Jules anamgombeza Vincent bafuni kwa sababu kalipaka damu taulo la watu, yani mtu kafa garini na ugomvi ni taulo! Kwenye muvi nyingi jambazi anaua, picha inakata, unamkuta klabu. Hapa Jules anaokota vipande vya fuvu kwenye siti ya nyuma, baadae wanamwagiwa maji ya mpira uani na kuishia na kaptula na tisheti za kuazima. Ubabe wote umeisha, na sijaona muvi nyingine iliyowavua majambazi namna hiyo.

Halafu angalia wanaishiaje. Jules anaamini zile risasi kukosa ni muujiza, anaamua kuacha kazi. Vincent anasema ni bahati tu, na ni yeye tunayemuona anapigwa risasi na bondia akitoka chooni, silaha imeachwa jikoni. Kwa vile stori imepanguliwa, mwishoni tunamuona anatoka mgahawani mzima kabisa wakati sisi tushaona kifo chake, mimi hapo huwa natulia kimya. Muvi inayofanya kifo kiwe mchezo haiwezi kukuacha hivyo.

Ila Marvin je? Hapa watetezi wananipoteza. Humo ndani hakuna hata mmoja anayemsikitikia, wote wanawaza gari na muda, na Jimmie, ambaye ni Tarantino mwenyewe kajipa hiyo nafasi, analalamika kuhusu mwili wa kijana mweusi akitumia lile tusi la kuwatukana watu weusi, tena na tena. Wapo wanaosema mke wa Jimmie ni mweusi kwahiyo haina shida, na kwamba wahalifu ndo wanaongea hivyo. Sawa wanaongea, lakini litoe hilo neno uone, hofu ya mke kurudi ipo palepale, taulo lipo palepale, kicheko hakipungui hata kidogo, sasa lilikuwa la nini? Hata kama muvi inawacheka wauaji, huyu aliyeuawa haikumpa kitu.

Ukiirudia mfuatilie Marvin toka mwanzo, kule kwenye chumba walichoenda kuchukua briefkesi. Yuko kona, wenzake wameuawa, ananung'unika peke yake kwa hofu na Vincent anataka anyamazishwe. Alikuwa mtu wao, Vincent mwenyewe kabla hawajaingia alishauliza kama hesabu ya waliomo ndani ni pamoja na mtu wao.